Tairi la Foklifti Lichaguliwe kwa Kuangalia Sakafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipoanza kazi ya ufundi wa mitambo katika viwanda vya Tanga na baadaye Dar es Salaam. Wasomaji wenzangu huandika mara kwa mara kuhusu matairi ya mabasi na malori, nao wana haki ya kufanya hivyo kwa sababu barabara zetu zinaua. Lakini yapo matairi mengine ambayo hayaonekani barabarani na kwa hiyo hayasemwi: matairi ya foklifti, ya matela ya bandarini, ya vigari vya umeme vinavyozunguka ndani ya maghala, na magurudumu madogo ya mashine za kunyanyulia paleti. Matairi haya tunayanunua kwa kuangalia ukubwa na bei, ilhali mara nyingi kinachoyaua ni kimiminika kilichomwagika sakafuni, na hasara pamoja na majeraha yanayofuata yangeepukika kama swali moja tu lingeulizwa kabla fedha hazijatoka: sakafu hii humwagikiwa na nini?

Nianze na niliyoyaona kwa macho yangu. Katika kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya kula, ambacho sitakitaja, foklifti nne za dizeli zilifungwa matairi mapya ya solidi, yaani yale magumu yasiyojazwa upepo, yenye vipimo sahihi na lebo safi. Kabla ya miezi mitatu kwisha matairi yale yalikuwa yamevimba mabegani, uso wake umelainika kiasi cha kuingia ukucha, na vipande vya ukubwa wa kiganja vilikuwa vikimeguka na kubaki sakafuni kama mkate uliolowa. Uongozi uliwaita madereva mmoja mmoja, ukawalaumu kwa kuendesha ovyo na kufunga breki za ghafla, na wawili kati yao wakakatwa mshahara. Hakuna aliyeinama kuitazama sakafu, ambayo kuanzia kwenye mashine za kukamulia hadi mlango wa stoo ilikuwa na utando wa mafuta ya alizeti uliochanganyika na dizeli iliyovuja kwenye pampu ya kujazia. Haukupita muda, foklifti moja iliyobeba mapipa iliteleza kwenye mteremko mfupi wa kupakilia, na pipa likamwangukia mguuni kijana mmoja wa kupakia mizigo. Alipona, ila anachechemea hadi leo. Matairi yale niliyafunga mimi kwa mikono yangu, na wakati ule sikujua lolote la kumwambia meneja.

Ninachokiandika hapa nimekijua baada ya hapo, kwa kusoma, kwa kuuliza na kwa kujaribu mwenyewe.

Matairi mengi ya solidi tunayouziwa yametengenezwa kwa mpira asilia, ule utomvu mweupe unaogemwa kwenye miti kama ile ya mashamba ya Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga huko Kilombero, ukichanganywa na mpira wa kutengenezwa wa jamii inayofanana nao. Mpira asilia ni nyuzi ndefu mno za kaboni na haidrojeni zilizosokotana. Ukiwa mbichi hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi, na ulikuwa hivyo hadi mwaka 1839, Charles Goodyear wa Marekani alipobaini kwamba ukipikwa pamoja na salfa unatulia na kuwa imara. Salfa hiyo, ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaifahamu kwa kuwa ndiyo wanayoipulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, hujenga madaraja madogo kati ya uzi na uzi, na madaraja hayo ndiyo yanayoufanya mpira unyumbuke na kurudi mahali pake. Kisha huongezwa masizi laini ya kaboni, ambayo ndiyo yanayolipa tairi weusi wake na sehemu kubwa ya ukakamavu wake dhidi ya kuchakaa.

Sasa, dizeli, petroli, mafuta ya taa, grisi na oili za injini nazo zimejengwa kwa kaboni na haidrojeni. Zinapolikuta tairi la mpira asilia haziingii kwa vita. Zinaingia kama ndugu aliyekaribishwa ndani. Zinapenya katikati ya nyuzi na kuzisukuma zitengane, kama maji yanavyoingia katika maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Madaraja ya salfa huuzuia mpira usiyeyuke kabisa, lakini hayawezi kuuzuia usivimbe, na katika petroli au kimumunyisho kikali kama toluini kipande cha mpira asilia kinaweza kufikia zaidi ya mara mbili ya ujazo wake wa mwanzo. Mpira uliovimba umepoteza nguvu zake: unararuka kwa urahisi, unakatwa na kokoto ndogo, na sehemu ya chini inayoshika rimu au pete ya chuma huanza kuachia, kwa sababu mafuta hupenya pia hadi kwenye gundi inayouunganisha mpira na chuma. Mafuta ya kula, yawe ya alizeti, ya mawese au ya pamba, hufanya kazi hiyohiyo kwa mwendo wa polepole zaidi. Upole huo unadanganya, maana mtu huona wiki ya kwanza imepita salama akadhani tairi limehimili.

Jambo linalowashangaza wengi, na lililonishangaza mimi pia, ni kwamba asidi ambayo kila mtu anaiogopa mara nyingi hailidhuru tairi kama tunavyodhani. Mpira asilia hustahimili vizuri asidi nyingi zilizozimuliwa, magadi na maji ya chumvi. Matangi ya chuma ya kuhifadhia asidi ya haidrokloriki, ambayo ingekila chuma kwa muda mfupi, hutandikwa mpira kwa ndani ili yadumu. Betri za zamani za magari zilikuwa na kasha jeusi gumu, nalo lilikuwa mpira uliopikwa na salfa nyingi hadi ukawa kama mfupa, na ndani yake mlikaa asidi ya salfuriki miaka na miaka. Kwa hiyo tone la maji ya betri lililodondoka chini ya foklifti ya umeme, ingawa ni hatari kwa ngozi na macho ya fundi na lazima lisafishwe mara moja, halilimalizi tairi. Asidi zinazolimaliza ni zile zenye nguvu ya kuoksidisha, kama asidi ya nitriki na ile ya salfuriki ikiwa nzito isiyozimuliwa, ambazo huufanya mpira ukakamae, uchanike na kugeuka unga. Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu nimekutana na wasimamizi wa maghala waliotumia fedha nyingi kuyakinga matairi dhidi ya asidi iliyokuwa nyepesi kama siki, huku bomba la haidroliki likidondosha oili palepale foklifti inapoegeshwa kila jioni.

Mtu aliyeshauriwa kwamba mafuta ndiyo adui atakimbilia kununua magurudumu ya poliurethani, aina ya plastiki inayonyumbuka, yale ya rangi ya machungwa, ya kahawia au mekundu ambayo hufungwa kwenye mashine za umeme za maghala. Si ushauri mbaya. Poliurethani, iliyobuniwa nchini Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer pamoja na wenzake, hustahimili mafuta na grisi vizuri sana, hubeba mzigo mkubwa kwa gurudumu dogo na haichakai haraka. Ila nayo ina adui yake, na adui huyo ni yule ambaye sisi watu wa pwani hatuwezi kumkimbia: maji, hasa yakiwa ya moto au yakiambatana na mvuke, asidi au magadi. Kila msomaji wako huenda ameuona ugonjwa huu bila kujua jina lake. Viatu vilivyowekwa kabatini miaka kadhaa, vikiwa vizima kabisa kwa nje, hutolewa siku ya harusi na soli zake zikabomoka njiani kama keki kavu. Soli nyingi za namna hiyo ni za poliurethani, na kilichozibomoa ni unyevu wa hewa uliokuwa ukizikata nyuzi zake mojamoja kimyakimya. Gurudumu la ghala linaloshindishwa katika joto na unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa hupitia hayohayo, na likisafishwa kila siku kwa maji ya moto yenye sabuni kali ya viwandani, kama inavyofanyika katika viwanda vya samaki na maziwa, hufa mapema zaidi.

Hapa pana jambo ambalo muuzaji hakuambii usipomuuliza. Poliurethani ni za aina mbili kubwa, kutegemea kiungo kilichotumika kuzijenga. Ile ya jamii ya poliesta ni imara zaidi dhidi ya mafuta lakini dhaifu mbele ya maji, na ile ya jamii ya polietha hustahimili maji vizuri zaidi ingawa mbele ya mafuta haiifikii mwenzake. Magurudumu mawili yanaweza kuwa na rangi moja, ukubwa mmoja na bei zinazokaribiana, na bado moja likafaa stoo ya vipuri na jingine likafaa chumba cha baridi. Mnunuzi asiyejua tofauti hiyo anacheza bahati nasibu kwa fedha ya kampuni.

Upo pia mpira wa nitraili, ambao wengi tunaujua kwa glavu na kwa sili za injini. Kemikali iitwayo akrilonitraili, inayochukua takriban asilimia 18 hadi 50 ya mpira huo, ndiyo inayoufanya usipatane na mafuta, na kadiri inavyoongezwa ndivyo mafuta yanavyoshindwa kupenya. Matairi ya solidi yenye uso wa nitraili yanapatikana kwa kuagizwa, kwa bei ya juu. Neoprini, mpira mwingine wa kutengenezwa ambao umekuwepo tangu mwaka 1930, inakaa katikati: haiyashindi mafuta kama nitraili, lakini inastahimili jua na hewa kuliko mpira asilia. Hata hivyo nitraili haina ubavu mbele ya asetoni na thina nyingi za rangi, kwa hiyo mwenye kiwanda cha rangi asiishike kama kinga ya kila kitu.

Nizungumzie sasa mazingira yetu wenyewe, kwa sababu vitabu vya watengenezaji huandikwa kwa kufikiria viwanda vya Ulaya na havitaji vimiminika vyetu vingine.

Chukua korosho. Katika ganda la korosho mna mafuta meusi mazito, makali kiasi cha kuunguza vidole, na akina mama wanaobangua kwa mkono wanayajua maumivu yake kuliko mkemia yeyote. Mafuta hayo ni bidhaa ya thamani, kwani hutumika katika kutengeneza breki, rangi na gundi, na hutumika pia viwandani kuulainisha mpira wakati wa kuuchanganya. Kimiminika kinachoingizwa katika mpira kwa makusudi ili ulainike hakiwezi kuwa salama kikikaa chini ya tairi la mpira kutwa nzima. Wakati huu ambapo Serikali inahimiza korosho ibanguliwe hapahapa nchini badala ya kusafirishwa ghafi, kila kiwanda kitakachojengwa Mtwara, Lindi au Tunduru kitakuwa na mapipa ya mafuta hayo na foklifti ya kuyabeba. Ningefurahi kusikia kwamba mtu mmoja katika kila mradi amepewa kazi ya kulifikiria hilo kabla ya mashine ya kwanza kushushwa.

Chukua pia mbolea. Urea na mbolea nyingine za chumvichumvi zinazoshushwa bandarini hazili mpira kwa kiasi cha kutisha. Zinachokula ni chuma. Nimefungua magurudumu yaliyofanya kazi katika maghala ya mbolea nikakuta tairi bado zima na rimu imeliwa hadi nati zimegeuka vumbi la kutu. Hapo kubadilisha aina ya tairi ni kupoteza fedha. Dawa ni kuosha rimu kwa maji safi, kuzikausha na kuzipaka rangi kwa ratiba.

Wenzetu wa Kolwezi na Likasi, miji ya migodi huko Kongo, ambao najua wanalisoma gazeti hili kwenye mtandao, wana tabu kubwa kuliko yetu. Katika mitambo yao ya kuchenjua shaba madini huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, kisha shaba hutenganishwa kwa kutumia kimiminika kinachofanana na mafuta ya taa. Asidi iliyozimuliwa peke yake mpira asilia ungeivumilia. Mafuta hayo hauyavumilii, na shaba iliyoyeyuka ina ubaya wake wa pekee, kwa kuwa chembe zake huchochea hewa iuoze mpira asilia kwa kasi, hivyo kwamba wachanganyaji wa mpira tangu zamani huiita shaba sumu ya mpira. Mahali ambapo maadui hao watatu wanakutana kwenye sakafu moja hapafai tairi lililochaguliwa kwa ukubwa na bei.

Kiwanda cha sabuni ndicho kinachonipa shida zaidi ninapoombwa ushauri. Upande mmoja yako mafuta ya mawese na mafuta ya ng'ombe yanayouvimbisha mpira asilia, na upande wa pili iko kostiki soda ya moto inayoivunjavunja poliurethani. Nitraili itasaidia, lakini ukweli ni kwamba hakuna tairi litakalostahimili kuogelea humo kila siku. Hapo kazi ya kwanza ni ya fundi mwashi: mifereji iliyofunikwa vizuri, sakafu yenye mwinamo unaopeleka kilichomwagika pembeni, na njia ya foklifti isiyopita chini ya mabomba.

Kuna hatari moja zaidi ambayo haihusu kuliwa kwa tairi, lakini inatokana na kemikali zilizomo ndani yake. Maghala ya vyakula na ya dawa hupenda matairi meupe au ya kijivu, kwa sababu hayaachi alama nyeusi sakafuni. Weupe huo hupatikana kwa kuondoa masizi ya kaboni na kuweka silika mahali pake. Masizi ndiyo yaliyokuwa yakiupitisha umeme tuli kutoka kwenye mwili wa foklifti kwenda ardhini, na yakiondolewa umeme huo hujikusanya hadi upate mahali pa kurukia. Katika ghala la unga wa sembe hilo linaweza kumpiga dereva mshtuko tu, lakini katika ghala la thina, spiriti au petroli cheche hiyo ni moto. Nimeona matairi meupe yamehamishwa kutoka ghala la vyakula kwenda stoo ya rangi kwa sababu yalikuwa bado mazuri na haikuonekana busara kuyatupa. Aliyelazimika kuyatumia ahakikishe foklifti imefungwa mkanda wa kupeleka umeme ardhini, na kwamba mkanda huo unagusa sakafu kweli, haujakatika wala haujapakwa rangi.

Mhariri, nisiwalaumu wanunuzi peke yao. Sisi mafundi tunayaua matairi kwa mikono yetu, na hilo lazima tuliseme hadharani. Katika gereji nyingi tairi hupakwa grisi ili liingie kwenye rimu kwa urahisi, na grisi hiyo hubaki imebanwa kati ya mpira na chuma kwa maisha yote ya tairi ikilivimbisha kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Maji ya sabuni laini au mafuta maalumu ya kufungia yasiyotokana na petroli yanafanya kazi hiyo vizuri. Katika gereji nyingine matairi huoshwa kwa dizeli, au hupakwa oili chafu ili yang'ae siku ya kuja mgeni. Mimi nimepaka grisi kwa miaka kumi na zaidi, nikiwafundisha na vijana wapake, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa na waliokuwa mbele yangu. Ninaomba kila fundi anayesoma barua hii aiache desturi hiyo leo.

Zamani tuliweza walau kuuliza. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilikuwa na wataalamu wa mpira waliokuwa wakifikika kwa basi la siku moja, na Nairobi nako kulikuwa na kiwanda kilichoanza kama Firestone hadi uzalishaji wake uliposimama mwaka 2016. Viwanda hivyo vilijulikana zaidi kwa matairi ya barabarani, lakini elimu ilikuwa karibu. Siku hizi matairi yetu ya viwandani yanatoka mbali, yanapita kwa mawakala wawili au watatu, na yule anayekuuzia dukani mara nyingi hajui mpira uliomo ni wa jamii gani. Ukimuuliza atakuonyesha namba za ukubwa zilizochongwa ubavuni, ambazo hazisemi neno kuhusu kemikali.

Kipimo kipo, tena si kigumu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1817 kinaeleza namna ya kupima mpira dhidi ya vimiminika: kipande chenye vipimo vinavyojulikana kinazamishwa katika kimiminika husika kwa joto lililowekwa na kwa muda uliowekwa, kwa mfano saa 72 au siku 7, kisha kinapimwa uzito, ujazo na ugumu wake. Mtengenezaji makini anayo matokeo hayo na atayatoa akiombwa kwa maandishi. Fundi asiye na maabara naye anaweza kupata picha isiyo mbali na ukweli. Akate vipande vidogo kwenye tairi lililochakaa la aina anayotaka kununua, avipime kwa mizani ndogo ya sonara, avizamishe katika chupa zenye vimiminika vinavyomwagika kwenye sakafu yake, azifunike na aziweke mbali na moto na watoto, na baada ya siku tatu avifute na kuvipima tena. Kipande kilichoongezeka uzito kwa kiasi kikubwa na kulainika kinamwambia kila kitu. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza kwa dizeli na tairi la aina ileile ya kiwanda cha mafuta, kipande kilikuwa kimevimba kabla ya siku ya pili kwisha, nami nikamkumbuka yule kijana wa kupakia mizigo.

Kuhusu sheria, Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, inayomwekea mwajiri wajibu wa kuhakikisha mitambo na mazingira ya kazi ni salama, na wakaguzi wa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, huingia viwandani na kukagua mitambo ya kunyanyulia mizigo. Kila kemikali inayoingia kiwandani kihalali pia huja na karatasi yake ya taarifa za usalama yenye sehemu 16, na sehemu ya 10 hueleza vitu ambavyo kemikali hiyo haipatani navyo. Kwa uzoefu wangu karatasi hizo hukaa kwenye faili la afisa usalama, na hati za kununulia matairi hukaa kwenye faili la afisa ugavi, vyumba viwili tofauti ambavyo mafaili yake hayajawahi kukutana.

Ombi langu kwa OSHA ni kwamba fomu ya ukaguzi wa foklifti iwe na mstari unaouliza tairi ni la mpira wa aina gani na sakafu humwagikiwa kemikali zipi, na mkaguzi alibonyeze tairi kwa kidole na kuangalia uvimbe, asiishie kupima kina cha kuchakaa. Kwa Shirika la Viwango, ombi ni kwamba waagizaji wa matairi ya viwandani watakiwe kutaja jamii ya mpira katika hati zao kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kwa wakurugenzi wa viwanda na wa maghala ya bandarini, naomba hati ya zabuni ya matairi isipitishwe bila kuambatanishwa na orodha ya vimiminika vya eneo husika, iliyotiwa saini na fundi na afisa usalama kwa pamoja.

Na tairi linapomeguka kabla ya muda wake, uchunguzi uanzie sakafuni kabla dereva hajaandikiwa barua ya onyo. Mmoja wa wale madereva wawili waliokatwa mshahara tunasali naye msikiti mmoja. Amekwisha kustaafu, na fedha yake hajarudishiwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi mitambo mstaafu,
Tanga.